Feza Iliyoonekana Katika Mdomo wa Gunia

Masomo: Mwanzo 42, 25-35 na 43, 11-23; Walawi 6, 1-5; 2 Wafalme 12, 9-15



Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha jamaa moja yenye njaa. Katika inchi ya Kanana chakula kimekwisha. Mzee Yakobo anawatuma wana wake kumi wateremke Misri wakanunue nafaka. Wanalipa feza, wanajaza magunia, wanapakia punda, wanashika njia ya kurudi. Pahali pa kulala, mmoja wao anafungua gunia lake apatie punda wake chakula, na tazama, feza yake yote iko katika mdomo wa gunia. Wanapofika nyumbani na kumwaga magunia, kila mmoja anakuta kifuko chake cha feza. Chakula wanacho, na feza waliyolipa wanayo. Hakuna mtu wa Misri aliyewafuata nyuma. Hakuna aliyewaletea barua. Misri iko mbali, na njaa iko karibu.

Hapo swali linazaliwa: feza hii ni baraka, ao si baraka?

Tunataka kulijibu swali hili katika ukurasa huu, kwa sababu linatufikia mara nyingi, hasa kutoka kwa mama wa soko na kutoka kwa vijana wanaotafuta maisha. Hawaulizi kama wizi ni zambi. Hilo wanalijua tangu masomo ya siku ya Mungu. Wanauliza jambo la ndani zaidi: kama mimi nimeomba, nimefunga, nimelia mbele za Mungu juu ya franga, na franga zinanifikia kwa kosa la mtu mwingine, bila mimi kuiba na bila mtu kujua, je, si Mungu amejibu?

1. Njaa tunaijua

Kwanza tuseme wazi kwamba hatumcheki mtu anayeuliza hivyo. Sisi wa Katanga tunaijua njaa. Wengi wetu ni watoto wa wafanyakazi wa Gécamines na wa reli. Tunakumbuka mgodi wa Kamoto ulivyoporomoka mwaka wa 1990. Tunakumbuka miezi ile ambayo papa alikuwa anatoka asubuhi kwenda kazini na kurudi mikono mitupu, mwezi wa pili, wa tatu, wa kumi. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa ule mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wao walikula franga zile za mwisho kabla watoto hawajamaliza masomo. Tangu mwaka wa 2019 primeri ya serikali ni bure, lakini kwa sekondari mzazi angali anatafuta. Watu wamejifunza kuishi kwa ile sheria isiyoandikwa tunayoiita Artikilo 15: kila mtu ajitafutie namna yake.

Basi mtu anayeketi kanisani na kuomba franga haombi vibaya. Bwana Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba chakula cha kila siku. Lakini njaa, ingawa ina haki ya kulia, haina haki ya kufundisha. Ikianza kufundisha, itatuambia kwamba kila kinachoingia mkononi kimetoka kwa Mungu.

2. Bunda moja zaidi

Tuchukue mfano. Mama mmoja mjane amefunga siku tatu juu ya franga ya masomo ya mtoto wake. Siku ya nne ndugu yake anamtumia dola hamsini. Anakwenda kwa kambisti, mmoja wa wale wanaoketi barabarani na meza ndogo iliyojaa mabunda ya noti. Watu ni wengi, jua ni kali, kambisti anahesabu huku anajibu wengine. Mama anatia franga katika kitambaa, anapanda taksi, anafika nyumbani. Anapohesabu kitandani, mlango ukiwa umefungwa, anakuta bunda moja zaidi.

Hakuiba. Hakudanganya. Kambisti mwenyewe ndiye alimpa kwa mkono wake. Hakuna aliyeona, na kambisti hamjui hata jina. Tena bunda lile linaweza kumaliza deni la masomo. Mtu gani kati yetu hangesema: Asante, Mungu wangu?

Lakini, ndugu, tutazame upande mwingine wa ile meza. Kambisti wengi hawafanyi kazi na feza yao wenyewe. Asubuhi patroni anamkabizi mtaji, jioni wanahesabu pamoja. Kinachobaki juu ya mtaji ndicho chakula chake. Kinachopunguka ni deni lake. Jioni ile, mama wetu anapoimba wimbo wa shukrani, kijana yule anahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Patroni anamtazama. Labda atamfukuza kazi. Labda atamwita mwizi mbele ya watu, yeye ambaye hakuiba. Atarudi nyumbani kwake bila unga. Na yeye pia ana mke, na yeye pia ana mtoto wa masomo, na labda yeye pia aliomba asubuhi ile kabla ya kutoka. Pengine anaomba katika kanisa letu hili, katika parokia ingine ya mji huu.

Sasa tuulize: je, Mungu Baba anaweza kujibu maombi ya mtoto wake mmoja kwa kumnyanganya mtoto wake mwingine? Baba gani wa hapa duniani anatoa chakula katika sahani ya mtoto wa kwanza, bila kumwambia, na kukitia katika sahani ya mtoto wa pili, kisha anaita jambo hilo upendo? Kama baba wa mwili hafanyi hivyo, tusiseme Mungu wa mbinguni anafanya.

Hii ndiyo alama tunayowapa, muishike: zawadi ya Mungu haina mwenyewe anayelia nyuma yake. Kabla ya kusema Asante kwa feza iliyokuja bila kutazamiwa, jiulize kwanza: nani anaitafuta usiku huu? Kama hakuna anayeitafuta, mshukuru Mungu. Kama yuko, basi Mungu hajakupa feza ile. Amekupa kazi ya kuirudisha.

3. Neno la mzee Yakobo

Turudi kwenye magunia. Njaa ilizidi, nafaka ya kwanza ikaisha, na wana wa Yakobo wakapaswa kuteremka Misri tena. Yakobo, mzee mwenye njaa, baba wa jamaa kubwa, anawapa maagizo: wachukue zawadi kidogo ya mazao ya inchi, wachukue feza ya kununua nafaka mpya, tena wachukue mkononi ile feza ya kwanza iliyorudi katika magunia, wairudishe, kwa maana labda ilikuwa ni kosa tu (Mwanzo 43, 12).

Labda ilikuwa ni kosa! Tulitafakari neno hili. Yakobo hakusema kwamba Misri ni inchi tajiri na haitasikia kupungukiwa. Hakusema kwamba ni feza ya serikali ya Farao, na feza ya serikali haina mwenyewe. Hakusema kwamba wale watu wanauza nafaka kwa bei kali, basi ni malipo ya haki. Haya yote ni maneno tunayoyasikia kila siku kwetu juu ya feza ya Leta, ya kampuni, ya wageni, ya matajiri. Yakobo alifikiri tu kwamba mahali fulani kuko mtu aliyekosea katika hesabu yake, na kosa la mtu si urizi wetu.

Wengine watasema: Walirudisha kwa sababu walikuwa wanalazimika kurudi Misri, na waliogopa kukamatwa. Ni kweli, waliogopa, Maandiko hayafichi. Lakini wangeweza kurudi na feza mpya tu na kunyamaza juu ya ile ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Wao wenyewe, mlangoni pa nyumba, kabla ya kuketi, walimwendea msimamizi wa nyumba na kumweleza habari yote.

Tena tujue ni watu gani hawa. Hawa ndio walewale waliomuuza ndugu yao Yosefu kwa vipande 20 vya feza (Mwanzo 37, 28). Siku ile pia hakukuwa na shahidi. Palikuwa shimo katika pori, msafara wa wafanyabiashara uliopita na kwenda zake, na kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Walishika feza ya ndugu yao katika siri, wakamdanganya baba yao, na siri ile ikashikwa miaka mingi. Sasa Mungu anawaleta tena mahali palepale: feza mkononi, siri mbele yao, na hakuna mtu wa kuona. Na mtu aliyeagiza feza itiwe katika magunia ni nani? Ni Yosefu yuleyule waliyemuuza. Yuko hai, anawatazama, na wao hawamjui.

Ndugu, feza iliyokuja kwa kosa ni namna hiyo. Mungu anatuuliza kwayo: Wewe ungali ni yule wa zamani, ao umegeuka? Jibu halitoki mdomoni siku ya kushuhudia mbele ya kanisa. Jibu linatoka nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, mikono ikiwa juu ya bunda la noti.

Na mwisho wao? Msimamizi aliwaambia wasiogope, kwamba feza yao ilikwisha kumfikia, na kwamba Mungu wao ndiye aliyewapa akiba ile katika magunia. Angalieni utaratibu huu: feza iliitwa zawadi baada ya kutolewa mbele ya mwenyewe. Ilipokuwa imefichwa ilikuwa woga, na mioyo yao ilitetemeka. Ilipofunuliwa ikawa amani, wakapewa maji, wakaosha miguu, wakaketi kula.

4. Mambo ambayo hakuna mtu atakayeyajua

Tusifikiri kwamba maneno haya ni kwa mama wa kambisti tu. Kila kazi ina pahali pake pa giza.

Kuko anayepima unga sokoni kwa meka ambayo chini yake imepigwa nyundo ikapanda juu. Mununuzi anaona imejaa mpaka kileleni. Hajui kwamba tumbo la meka limeliwa. Sheria ya Musa ilikataza kuwa na vipimo viwili katika nyumba, kikubwa cha kununua na kidogo cha kuuza (Kumbukumbu la Torati 25, 13-15). Kuko fundi wa motokari anayeandika kwamba ametia kipande kipya, na kumbe amesafisha cha zamani. Kuko muuguzi anayejua kwamba mgonjwa hawezi kuhesabu vidonge. Kuko mwalimu anayeuza pointi, mtoto hakusema na mzazi hakusema. Kuko mwenye simu aliyepokea feza iliyokosewa namba, akaizima simu mpaka kesho yake. Na kuko karani anayengoja yale ambayo ndugu zetu wa Kinshasa wanaita madesu ya bana, maharagi ya watoto, kabla ya kutia muhuri ambao serikali ilikwisha kumlipa autie.

Tukae kidogo juu ya jambo moja, kwa sababu wengi hawalioni kuwa ni kosa: noti mbaya. Katika inchi yetu dola yenye kupasuka kidogo tu inakataliwa kila pahali, na noti za bandia ziko. Mtu anapewa noti mbaya, anagundua nyumbani. Anasema: Mimi pia nilipewa. Anangoja jioni, jua likiisha, anamtafuta mama mzee ambaye macho yake ni hafifu, ananunua samaki wa franga kidogo, anapokea chenji nzuri. Anarudi nyumbani bila mzigo, kwa maana ameuweka juu ya kichwa cha mama mzee.

Huyu haoni kwamba ameiba, kwa sababu anafikiri amerudisha tu hasara ilikotoka. Lakini haikutoka kwa mama yule. Noti mbaya inatembea namna hiyo, kutoka mwenye macho mpaka asiye na macho, kutoka mwenye nguvu mpaka mnyonge, na inasimama kwa yule asiyeweza tena kuipitisha. Iko njia moja tu ya kuisimamisha mapema: mtu mmoja akubali kusema, hasara hii itaishia kwangu. Bwana wetu alifanya nini msalabani, kama si kukubali kwamba ubaya uishie kwake? Anayeipasua noti ya bandia, na siku ile anakula bila samaki, amemfuata Yesu njia ndefu kuliko yule anayeimba sana.

5. Wakati hakuna mtu anayeuliza

Watu wazima kati yetu wanakumbuka mwaka wa 1991. Uporaji ulianza Kinshasa mwezi wa 9, kisha ukafika huku kwetu, wakati jimbo lilikuwa likiitwa Shaba. Askari walivunja, na raia waliingia nyuma yao. Siku zile hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyeandika majina. Mtu aliona jirani anapita na friji kichwani, naye akakimbia. Mwaka wa 1993 Kinshasa ikaporwa tena.

Je, wale waliobeba walitajirika? Tunajua wenyewe. Vitu viliuzwa kwa bei ya bure, kwa maana kila mtu alikuwa anauza. Butiki zilifungwa, depo zilifungwa, wenye kampuni wengi walikwenda zao, na aliyebeba kiti cha ofisi alikuwa amebeba kazi ya mtoto wake. Sukari iliyopatikana bila kulipa Jumatatu haikuonekana tena kwa mwaka mzima hata kwa mwenye franga. Feza rahisi inalipwa, ndugu. Tofauti ni kwamba inalipwa baadaye, na mara nyingi anayelipa ni mwingine.

Lakini katika mitaa ileile walikuwako watu waliofunga mlango wao na kukaa na watoto wao ndani. Majina yao hayakuandikwa pia. Mungu anayajua.

6. Sadaka na nsinsani

Hapa tunasema na kanisa lenyewe. Sisi ni watu wa nsinsani. Tunatoa kwa furaha, makundi yakishindana, papa na mama na vijana, kila kundi likitaka kupita lingine. Kwa namna hiyo wazazi wetu walijenga masomo, zahanati, na Hekalu la Nkamba lililozinduliwa mwaka wa 1981. Ni neema kubwa. Lakini kuko mawazo mabaya yanayoingia humo: kwamba feza yenye shaka inaweza kusafishwa kwa kutiwa katika nsinsani. Mtu anasema: Nusu nitampa Mungu.

Yuda alipotupa vipande 30 vya feza hekaluni, wale makuhani waliomnunua Yesu walikataa kuvitia katika sanduku la sadaka, kwa sababu ilikuwa bei ya damu (Matayo 27, 6). Kama watu wale waliona haya, sisi tutaona namna gani? Zakayo alipotaka kumpendeza Bwana, aliwarudishia wale aliowanyanganya, mara ine. Asiyemrudishia mwenyewe na kumpa Mungu anamfanya Mungu kuwa mpokeaji wa mali ya wizi.

Tena kuna wanaohesabu. Watu wanaimba na kutoa, kisha wanakwenda nyumbani, na watu wachache wanabaki na feza mezani. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, kinasimulia namna nyumba ya Mungu ilivyotengenezwa wakati wa mfalme Yoasi. Kuhani Yehoyada alitoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na mazabahu. Sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Kisha feza ilikabiziwa wasimamizi walipe maseremala, wajenzi na wachonga mawe, na wasimamizi wale hawakuombwa hesabu, kwa sababu walifanya kwa uaminifu.

Tuone mambo mawili hapo. La kwanza: waliohesabu walikuwa wawili, si mmoja. Uaminifu haukasirikii shahidi. Mwenye kusema, Hamuniamini? anapoombwa kuhesabu na mwenzake, huyo tayari ametutia wasiwasi. La pili: walikuwako watu ambao ingewezekana kabisa waibe, na hawakuiba, mpaka hakuna aliyeona haja ya kuwauliza. Maandiko hayakutaja majina yao. Yametaja tu kwamba walikuwa waaminifu. Ni heshima ya namna gani kwa mtu wa mikono, kukumbukwa miaka yote hii kwa jambo ambalo hakulifanya!

7. Aliyetoka katika maficho

Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa 6 askari walikuja kumkamata, naye akawatoroka. Kwa miezi mitatu wakubwa wa koloni walimtafuta bila kumpata. Watu walimpenda, vijiji vilimficha, pori ni kubwa. Angeweza kukaa katika siri. Mwezi wa 9 alirudi mwenyewe Nkamba, akajitoa mikononi mwao. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kufa na kupigwa fimbo 120. Kisha mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu ya kufa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa hapa kwetu, Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini.

Tunalileta jambo hili kwa sababu moja. Kanisa letu limezaliwa na mtu ambaye njia ya siri ilikuwa wazi mbele yake, naye akaiacha akatokea katika mwanga, akijua bei yake. Sisi watoto wake tunasema kila siku: Bolingo, Mibeko, Misala, upendo, amri, kazi. Upendo unamwona kambisti nyuma ya bunda. Amri inakataza mkono. Kazi inatafuta franga kwa njia ambayo mtu anaweza kuisimulia mchana. Ukiliondoa moja, mengine mawili yanaanguka.

8. Tufanye nini?

Wapendwa, mahubiri bila kazi hayatusaidii. Tunawapa mashauri haya:

Ukigundua feza iliyozidi, irudishe upesi, siku ileile kama inawezekana. Feza inayolala nyumbani usiku mbili inaanza kuzungumza na wewe.

Kama unaogopa kuitwa mwizi unaporudisha, usiende peke yako. Mwite mzee wa parokia, muende pamoja.

Kama ulikwisha kuitumia, usikate tumaini. Sheria katika Walawi 6 inamtaja hata yule aliyeokota kitu kilichopotea kisha akakana: arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Rudisha kidogo kidogo, lakini anza.

Kama mwenyewe amekufa, tafuta jamaa yake. Kama hakuna jamaa, ndipo kitu kile kitolewe kwa Bwana (Hesabu 5, 8). Sadaka ni njia ya mwisho, si ya kwanza.

Usisimulie sana kwamba ulirudisha. Lakini watoto wako wajue, kwa sababu watajifunza.

Na sasa shauri la mwisho, ambalo si la mama yule, ni letu sote. Mama amerudisha bunda. Kambisti amemshukuru, labda hata hakumshukuru. Mama amerudi nyumbani, na franga ya masomo haijapatikana. Deni liko palepale. Hatutamdanganya kumwambia kwamba kesho Mungu atamlipa mara mbili. Wana wa Yakobo hawakurudisha juu ya faida. Tunaweza tu kumwambia kwamba usiku ule atalala, na kambisti atalala, na kwamba maombi yake yangali yako mbele za Mungu, safi, bila kilio cha mtu mwingine juu yake.

Lakini kama parokia inajua habari yake, ikamsifu siku ya ibada, ikamwacha arudi nyumbani na deni lake, basi sisi tumefanana na wale ambao mtume Yakobo anawasema katika sura ya 2: wanamwambia ndugu yao aende kwa amani, apate joto, ashibe, na hawampi kitu. Kanisa linalotaka washiriki waaminifu likubali kuwabeba siku uaminifu unapowagharimu. Wale papa wa kundi, wale mama, wale vijana wanaoshindana katika nsinsani, washindane pia juu ya mtoto huyu arudi kalasini. Pengine hapo ndipo Mungu alipokuwa ameweka jibu la maombi yake tangu mwanzo: katika mifuko yetu.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

Kuko kitu katika nyumba yangu ambacho mwenyewe anakitafuta?

Kipimo changu cha kuuzia na cha kununulia ni kimoja?

Nani katika parokia yetu amepoteza franga, kazi ao rafiki kwa sababu alikataa kudanganya, na tulimsaidia namna gani?

Tuombe. Mungu Baba yetu, unayeona ndani ya magunia kabla hatujayafungua, utupe chakula chetu bila kumnyima jirani yetu chake. Utufundishe kuogopa feza yenye machozi. Uwatie nguvu wote wanaorudisha wakiwa na njaa, na utufanye sisi kuwa mkono wako kwao. Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Amina.